Padre Antoine Horner na Watoto wa Njia ya Kilwa

Msafiri atokaye Kilwa Kivinje na kuelekea bara, akiacha nyuma minazi na upepo wa bahari, hupita siku nyingi katika nyika ya miombo na mipingo kabla hajafika pande za Liwale. Katika nyika hiyo kipo kijiji cha Likawage. Leo wenyeji wake ni wakulima wa ufuta na mtama, na mpingo wao unajulikana hata Ulaya, maana ndio mti unaochongwa zumari na filimbi za wazungu. Lakini mtu akiuliza kwa nini Kilwa Kivinje ilijengwa majumba makubwa ya mawe katika karne ya 19, jibu halitoki baharini tu. Latoka pia katika nyika hii. Huku ndiko zilikopita safari zilizotoka Ziwa Nyasa na nchi ya Wayao, zikileta pwani pembe za ndovu na watu.

Tunasema watu, lakini yafaa tuseme vema zaidi: sehemu kubwa ya watu hao walikuwa watoto. Mtu mzima mwenye nguvu hutoroka, au hupigana, au hufa kwa uchungu; mtoto husahau njia ya kwao. Kwa hiyo wafanyabiashara walimpenda mtoto. Hesabu ya forodha ya Kilwa kwa miaka 5 tu, tangu 1862 hata 1867, ilionyesha watumwa 97,203 waliopakiwa majahazini, na kati yao zaidi ya 76,000 walipelekwa Unguja. Hao ni wale waliolipiwa ushuru. Waliopitishwa kwa siri hawamo, wala hawamo wale walioanguka njiani na kuachwa chini ya miti.

Tumeanza na njia hii ya Kilwa kwa sababu maisha ya padre tunayetaka kuwaeleza wasomaji wetu leo hayawezi kufahamika bila hiyo. Padre Antoine Horner hakuwa mtu wa Kilwa, na kazi yake aliifanya Unguja na Bagamoyo. Lakini wengi katika watoto aliowalea walifika mikononi mwake kwa njia ya Kilwa, miguu yao ikiwa na vidonda vya safari hiyo.

Alizaliwa mwaka 1827 katika nchi ya Alsace, mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani, nchi ya wakulima na watu wa dini. Alipokwisha kupata upadre aliingia katika Shirika la Roho Mtakatifu, akatumwa kwenye kisiwa cha Réunion, katika Bahari ya Hindi. Katika kisiwa hicho watumwa walikuwa wameachwa huru mwishoni mwa mwaka 1848, nao walikuwa na uhuru bila kitu kingine: bila shamba, bila shule, bila jina la baba. Padre kijana akafanya kazi kati ya watu hao, na hasa kati ya wenye ukoma. Aliyeanza upadre wake kwa kufunga vidonda vya wakoma hakuogopa tena harufu ya soko la Unguja, na tunadhani hayo yalikuwa matayarisho yake makubwa kuliko vitabu alivyosoma.

Kutoka Réunion ndiko Kanisa lilikorudi katika pwani yetu. Mwezi wa Desemba 1860 Padre Armand Fava alifika Unguja pamoja na mapadre wengine na masista wa Shirika la Mabinti wa Maria. Masista hao yapasa tuwataje kwa heshima. Shirika lao lilianzishwa huko huko Réunion mwaka 1849, mara baada ya utumwa kufutwa, nalo lilipokea wasichana weupe na wasichana weusi pamoja, hata waliozaliwa utumwani, wakae nyumba moja, wale meza moja na kuvaa nguo moja. Jambo hilo liliwaudhi wengi kisiwani. Basi mtoto aliyetolewa sokoni Unguja akapelekwa kwa masista, huenda aliyemwosha siku ya kwanza alikuwa mwanamke ambaye mama yake mwenyewe alikuwa amenunuliwa na kuuzwa. Hatujui shule iliyo bora kuliko hiyo kwa kazi ile.

Miaka miwili na nusu baadaye misioni ilikabidhiwa kwa Shirika la Roho Mtakatifu. Mwezi wa Juni 1863 Padre Horner aliteremka Unguja pamoja na Padre Étienne Baur na mabruda wawili, akawa mkuu wa misioni yote. Eneo alilokabidhiwa lilikuwa pwani nzima ya Afrika ya Mashariki pamoja na bara nyuma yake, na mipaka yake ya bara hakuna aliyeijua. Mikononi alikuwa na nyumba moja ya Shangani, hospitali, karakana kadhaa na kundi la watoto.

Watoto hao walipatikana kwa njia gani? Wengine walikabidhiwa na konseli wa Mwingereza, wakiwa wametekwa katika majahazi na manowari za kuzuia biashara hiyo. Lakini wengi walinunuliwa kwa fedha, reale kwa reale, katika soko la Unguja. Padre alikwenda sokoni kama wanunuzi wengine. Alipita kati ya safu za watu walioketi, akatafuta wale ambao hakuna aliyewataka, yaani wagonjwa na wadogo mno, ambao bei yao ilishuka jioni kama bei ya samaki aliyelala. Baadhi yao walikufa siku chache baadaye katika nyumba ya masista, wakiwa wamebatizwa.

Hapa hatutaki kuwaficha wasomaji jambo zito. Kila reale iliyolipwa iliingia katika mfuko wa mwenye biashara, na mwenye biashara aliweza kwenda nayo kununua mtoto mwingine. Walikuwako watu wakati ule, hasa Waingereza, waliosema hivyo waziwazi, na neno lao halikuwa upuuzi. Lakini mtu aliyesimama sokoni mbele ya mtoto wa miaka saba, akijua kwamba mtoto huyo ataaga dunia juma lile au atapakiwa kwenda Arabuni, hakuwa na nafasi ya kupima biashara ya dunia nzima. Alinunua. Sisi tulioketi mbali na soko lile tunaweza kubishana kwa utulivu. Tungetamani kujua ni nani kati yetu angeondoka sokoni na fedha yake mfukoni.

Fedha yenyewe nayo ina habari yake. Sehemu yake kubwa ilitoka kwa watoto. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alianzisha Shirika la Utoto Mtakatifu, ambamo watoto Wakristo wa Ulaya walitoa kila mwezi senti yao ndogo na sala yao kwa ajili ya watoto wenzao wa nchi za mbali. Watoto wa wakulima, na watoto wa wafanya kazi wa viwandani ambao wenyewe hawakushiba, walitoa senti ambazo zilivuka bahari na kugeuka reale, na reale zikageuka maisha ya mtoto wa Kiyao au wa Kinyasa. Shirika hilo lingaliko katika parokia zetu hata leo, na wazazi wengi wasomao gazeti hili wana watoto ndani yake.

Sasa yafaa tueleze habari za mmoja wa watoto hao, kwa maana maelfu ya watu husahaulika, lakini mmoja hukaa moyoni. Jina lake ni Suema, msichana wa Kiyao. Padre Horner mwenyewe ndiye aliyeyasikia maneno yake na kuyaandika, nayo yalichapishwa Paris mwaka 1870. Wachapaji wa Ulaya walikuwa na desturi ya kuongeza machozi na maneno ya mimbarini mahali ambapo mtoto hakuyasema, na msomaji mwangalifu ataona katika kitabu kile sauti mbili. Lakini mambo makubwa ya habari yenyewe yanalingana sana na yale tunayojua juu ya njia ya Kilwa, hata wataalamu wa historia wa siku zetu wameyapokea kuwa ushahidi wa maana.

Suema hakutekwa vitani. Jambo hili ndilo linalotushika zaidi. Baba yake alikuwa mwindaji, akauawa na simba. Nzige wakala mashamba. Ndugu zake wakafa. Mama yake, mjane, akahamia mahali pengine na binti aliyebaki, akakopa mtama kwa mtu ili wapate kula na kupanda, kwa ahadi ya kulipa wakati wa mavuno. Mavuno hayakuja. Mwenye deni alipoona kwamba mjane hana kitu, na msafara wa biashara umefika kijijini, alidai alipwe kwa mtoto; mtoto akauzwa kwa wenye msafara kwa vipande vya merikani. Hakuna bunduki iliyolia wala nyumba iliyochomwa. Deni la mtama tu, na mwanamke asiye na mume wala ndugu wa kumtetea.

Mama yake aliwaomba wenye msafara wamruhusu afuatane na binti yake, naye atabeba pembe ya ndovu kama mpagazi. Walikubali, maana mpagazi asiyelipwa ni faida. Siku zikaenda, chakula kikapungua, mzigo ukawa mzito kuliko mwili uliobaki, naye akaanguka. Mtoto alitaka kumgawia chakula chake, akapigwa. Msafara ukaendelea, mama akaachwa njiani. Suema naye alidhoofika, lakini kwa kuwa alikuwa mali iliyolipiwa, alifikishwa hata Kilwa.

Hatuwezi kuonyesha mahali mama yule alipolala. Yamkini ni mbali, kusini ya Ruvuma. Yamkini ni karibu zaidi na pwani. Lakini kila mtu anayepita katika nyika za Likawage na Liwale anakanyaga nchi ambamo kina mama kama yeye waliachwa, wala hakuna jiwe lililosimamishwa.

Kutoka Kilwa alipakiwa jahazini pamoja na wengine wamesongamana hata mtu hawezi kunyosha mguu. Walipofika Unguja mwenye mali alimtazama, akaona kwamba mtoto huyu amekwisha, hafai hata ushuru wake, akaamuru akazikwe. Wakamviringisha katika mkeka, wakamfukia kwa mchanga kidogo tu, maana maiti za watumwa hazikuchimbiwa kaburi la maana. Alikuwa hai. Kijana mmoja wa Réunion aliyepita pale akasikia sauti ya kuugua, akafukua, akamchukua hata nyumba ya masista. Wakamwuguza, akapona, akakaa.

Lipo jambo la mwisho katika habari zake, na kwa ajili ya jambo hilo hasa Padre Horner aliiandika. Suema alipokuwa akisaidia kazi ya hospitali pamoja na masista, aliletwa majeruhi, Mwarabu mwenye jeraha baya. Akamtambua. Alikuwa mtu yule wa msafara. Msichana alikataa kumgusa, akatetemeka, akakimbilia kanisani. Hatujui alikaa humo muda gani, wala hakuna anayestahili kumhukumu kama angalikaa siku nzima. Hatimaye alirudi akashika kitambaa na maji, akamwosha jeraha. Padre aliyekuwa amewafundisha watu wengi sala ya Baba Yetu aliona siku ile mtu aliyeisali yote, pamoja na yale maneno ambayo sisi huyapita upesi. Suema akabatizwa.

Turudi kwa Padre Horner. Nyumba ya Unguja ilikuwa ndogo, na mji ulikuwa mji wa biashara ile ile. Mtoto aliyekombolewa aliweza kuibwa tena katika vichochoro. Akatafuta mahali bara. Mwaka 1866 alikwenda kupeleleza Bagamoyo, na mwaka 1868, kwa ruhusa ya Seyyid Majid, misioni ilianzishwa hapo, kaskazini kidogo ya mji. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia kuu ya Unyamwezi, kama vile Kilwa Kivinje ilivyokuwa mwisho wa njia ya Nyasa. Palikuwa na kichaka na miiba. Wavulana wakubwa na mabruda wakafyeka, wakapanda minazi, wakachimba visima. Miembe iliyopandwa miaka ile ya mwanzo imesimama hata leo njiani kwenda baharini, nayo imekuwa mikubwa kweli.

Mpango wa Padre Horner ulikuwa rahisi kuusema na mgumu kuutimiza. Mtoto asiye na baba, mama, ukoo wala nchi atafanywaje kuwa mtu kati ya watu? Akajibu: apewe dini, apewe kazi ya mikono, na akikua apewe mke na nyumba na shamba. Siku iligawanywa. Sehemu moja ilikuwa ya darasa na katekisimu, kusoma na kuimba; sehemu nyingine ya kazi. Wako waliokuwa maseremala, wahunzi, waashi, washona viatu, wapishi. Wote walishika jembe. Wasichana walikuwa kwa masista, wakajifunza kushona, kufua na kuuguza. Walipooana walihamia katika kijiji kilichojengwa kando ya misioni, kijiji cha Mtakatifu Yosefu, kila jamaa kibanda chake na kipande chake cha ardhi, pamoja na siku za kufanya kazi katika shamba la misioni. Mwaka 1871 Bwana Stanley, akijitayarisha kwenda kumtafuta Livingstone, alialikwa huko akaona shule yenye watoto kama 200, akasikia wavulana wakipiga matarumbeta. Alisifu pia divai iliyowekwa mezani, nasi twamwachia mwenyewe sifa hiyo. Maana habari za mwaka ule na mwaka uliofuata si habari za divai.

Kwanza kipindupindu. Kilipita pwani mwaka 1869 na 1870, kikaua watu kwa maelfu Unguja na bara, wala hakikuiruka misioni. Kisha vita ya Ufaransa na Ujerumani, mwaka 1870 na 1871. Ufaransa ilishindwa, na sadaka ambazo misioni iliishi kwazo zikapungua mno. Padre Horner alipata msiba mwingine ambao watu wa Bagamoyo labda hawakuufahamu: Alsace, nchi yake aliyozaliwa, ilikatwa ikapewa Ujerumani. Yeye aliyewalea watoto waliopoteza kwao, sasa na kwao kukawa kwa watu wengine. Hatusemi kwamba mambo haya mawili ni sawa. Yeye alijua kijiji cha baba yake kiko wapi.

Halafu, mwezi wa Aprili 1872, tufani. Wazee wa Unguja walihesabu miaka kwa tufani ile kwa muda mrefu, kwa jinsi ilivyong'oa mikarafuu na kuvunja majahazi bandarini. Bagamoyo nyumba za misioni ziliangushwa, na kazi ya miaka minne ikalala chini usiku mmoja. Wengi walidhani misioni itafungwa. Padre Horner alianza kukusanya mbao.

Lakini tusimchore mtu huyu kama sanamu ya plasta. Watoto wake hawakuwa wote na furaha, na baadhi ya makosa yalikuwa yake. Kengele ya misioni ilitawala kila saa, tangu alfajiri hata kulala. Adhabu zilikuwako, kama zilivyokuwako katika shule za Ulaya za wakati ule. Kijana aliyekombolewa hakuweza kuondoka apendavyo kwenda kutafuta maisha yake mjini. Aliyetoroka alirudishwa ikiwezekana. Aliyeoa alioa kwa shauri la mapadre, na shamba alilolima lilikuwa chini ya usimamizi wao. Basi wengine walijiuliza, na ni haki yao kujiuliza, kama wamepata uhuru au wamepata bwana mwema. Kati ya mtoto aliyefurahi kwamba hakuchapwa na mtu mzima anayetaka kujitawala kuna umbali mkubwa, na Padre Horner, aliyemjua mtoto vizuri sana, hakumfahamu sana mtu mzima ambaye mtoto huyo angekuja kuwa. Wapo waliotoroka wasirudi.

Kosa jingine lilionekana polepole. Alikuwa ametumaini kwamba kutoka katika watoto hawa watatokea mapadre wa kuingia bara. Walichaguliwa wavulana, wakafundishwa Kilatini. Hakuna aliyefikia altare siku zake. Mapadre wa kwanza wazalendo wa nchi hii walipata daraja mwaka 1917, tena huko Bukoba, katika watoto waliolelewa na wazazi wao wenyewe, katika lugha yao wenyewe. Mtoto aliyevunjwa mara moja hajengwi upya kwa ratiba, hata ratiba iwe njema namna gani. Hilo twaliandika kwa ajili ya wote wanaoendesha nyumba za yatima mpaka leo, nasi tunajua wako wanaolijua kuliko sisi.

Mwanzoni mwa mwaka 1873 alifika Unguja mjumbe wa Malkia wa Uingereza, Sir Bartle Frere, kumshurutisha Seyyid Barghash akomeshe biashara ya watumwa baharini. Alikwenda Bagamoyo, akaangalia karakana, mashamba na kijiji, na ingawa yeye hakuwa Mkatoliki, aliisifu kazi hiyo mbele ya serikali yake kuwa mfano wa kufuatwa. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ulitiwa sahihi na soko la Unguja likafungwa. Mwisho wa mwaka ule ule Waanglikana walianza kujenga kanisa lao mahali pale pale pa soko.

Je, njia ya Kilwa nayo ilifungwa? Hapana. Wafanyabiashara waliona kwamba bahari imezibwa, wakatumia nchi kavu. Watu waliotoka Nyasa walifikishwa pwani ya Kilwa, kisha wakaongozwa kwa miguu kaskazini, majuma mengi zaidi, nyuma ya Dar es Salaam na nyuma ya Bagamoyo, hata Pangani, ili wapelekwe Pemba kwa siri, ambako mikarafuu ilihitaji mikono. Kwa hiyo kwa miaka michache mkataba ule mwema ulirefusha safari ya mtoto wa Kilwa. Mwaka 1876 tu ndipo Seyyid Barghash alipopiga marufuku misafara ya watumwa katika nchi kavu. Tunalitaja jambo hili kwa kuwa mara nyingi katika vitabu vya shule mwaka 1873 huandikwa kana kwamba siku iliyofuata watu wote walilala salama.

Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo watu wamechoka, wakichukua mzigo mrefu uliofungwa kwa nguo na magome ya mti. Walikuwa Chuma na Susi na wenzao, na mzigo ulikuwa mwili wa Dakta Livingstone, waliouchukua tangu pande za Ziwa Bangweulu, mwendo wa miezi mingi. Misioni iliupokea. Katika waliokuwa na msafara ule alikuwamo Jacob Wainwright, na Chuma naye. Wote wawili walikuwa watoto wa utumwa waliokombolewa. Watoto wa Padre Horner walisimama kutazama watu hao ambao walikuwa kama wao, nao sasa wamefanya jambo ambalo dunia nzima italisimulia.

Mwaka 1877 Padre Horner aliweza hatimaye kuingia bara. Misioni ya Mhonda ilifunguliwa katika milima ya Nguru, na waliotangulia kuijenga pamoja na mapadre walikuwa jamaa za Kikristo kutoka kijiji cha Bagamoyo: mume na mke, waliokuwa watoto wa soko, sasa wamechukua majembe, mbegu na katekisimu kwenda kwa watu wasiowajua. Mpango wake ndio huo, ulitimia kwa sehemu. Wengine walistahimili, wengine walirudi pwani.

Afya yake ilikuwa imevunjika. Miaka 16 ya homa katika pwani hii, baada ya miaka ya Réunion, ilikuwa mingi kuliko mwili wa mzungu wa wakati ule ulivyozoea kustahimili. Makaburi ya misioni ya Bagamoyo yamejaa vijana waliofika na kufa katika miaka michache. Alirudishwa Ufaransa kutibiwa, akafa Cannes, kando ya bahari nyingine, mwezi wa Mei 1880. Alikuwa na umri wa miaka 52. Hakuzikwa kati ya watoto wake.

Kazi yake ilishikwa na Padre Baur, yule aliyeteremka naye Unguja mwaka 1863, ambaye aliishi Bagamoyo mpaka mwaka 1913. Ni yeye aliyefungua milango ya misioni katika vita ya Abushiri, mwaka 1888 na 1889, maelfu ya wakimbizi Waislamu na Wakristo wakalala chini ya minazi ile iliyopandwa na watoto wa Padre Horner. Mwezi wa Novemba 2018, maaskofu wetu na waamini kutoka majimbo yote walikusanyika hapo kuadhimisha miaka 150 ya uinjilishaji wa Tanzania Bara. Siku hizo palitajwa majina mengi ya mapadre na maaskofu. Lakini waliokwenda makaburini waliona pia safu za makaburi madogo, mafupi, yaliyo karibu karibu, na mengi hayana jina.